Chumba Kimoja Kando ya Uwanja wa Gofu

Kisiwa cha Iona, magharibi mwa Scotland, kina uwanja wa gofu wa mashimo 18 usio na nyumba ya klabu. Hauna hata kibanda. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi, hakuna mahali pa kubadilishia viatu. Uwanja wenyewe ni tambarare ya nyasi inayotazama bahari ya Atlantiki, malisho ambayo wenyeji wanayatumia kwa pamoja, na mifugo yao ndiyo inayozifanya nyasi ziwe fupi. Mgeni hushuka kwenye kivuko kinachotoka kisiwa cha Mull, mkoba wa vijiti begani, akatembea mpaka upande wa pili wa kisiwa, akaitafuta bendera ya kwanza kwa macho, akaanza kucheza. Kila mwezi Agosti wanakisiwa hufanya mashindano yao pale pale, na watu hufunga safari kutoka mbali kuja kushiriki.

Nimeanza na Iona kwa sababu ukishajua kwamba gofu huchezwa hata pasipo paa, basi kila tofali linalopandishwa kando ya uwanja lina swali la kujibu: limewekwa kwa ajili ya nani, na nani atalilipia? Scotland ina viwanja vya gofu zaidi ya 550 kwa watu wapatao milioni tano na nusu. Majumba ya mawe yapo, yenye ngazi pana, picha za manahodha wa zamani kwenye fremu za dhahabu, na kumbi ambazo huingii bila tai. Lakini ukielekea kaskazini na visiwani, nyumba ya klabu mara nyingi ni chumba kimoja au viwili vya mbao au vya matofali yaliyopakwa chokaa: ndani kuna birika la umeme, meza, viti visivyofanana, na dirisha linalotazama shimo la mwisho. Kwa maoni yangu, vyumba hivyo vinatueleza desturi ya watu hawa kwa uaminifu kuliko majumba. Gofu ilikua miongoni mwa watu wa kawaida wa pwani, na vyumba vidogo ndivyo vilivyowawezesha watu hao wasiachane nayo.

Historia nayo iko upande wa vyumba vidogo. Wachezaji wa Leith, bandari ya Edinburgh, ndio walioandika kanuni za kwanza za gofu zinazojulikana, kanuni 13, mwaka 1744. Wakati huo hawakuwa na nyumba. Walikutana kwenye kilabu cha pombe cha mama mmoja aliyeitwa Luckie Clephan, wakala, wakanywa, wakalipana dau zao, wakarudi makwao. Mwaka 1768 wakaamua kujijengea, na jengo hilo, Golf House, ndilo hutajwa kuwa nyumba ya kwanza kabisa kujengwa kwa ajili ya klabu ya gofu. Nini kiliipata? Kufikia miaka ya 1830 klabu ilikuwa imezama kwenye madeni, nyumba ikauzwa na vyombo vyake, na wenyewe wakahamia Musselburgh mwaka 1836. Huko walijisitiri kwenye jukwaa la watazamaji wa mbio za farasi. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ya klabu ya gofu duniani iliishia kuuzwa, ilhali gofu yenyewe iliendelea kuchezwa bila wasiwasi maili chache kutoka hapo.

Musselburgh panastahili kutuliwa kidogo, kwa sababu pale mchezo na maisha ya watu wa pwani havikutenganishwa. Uwanja wake wa zamani una mashimo tisa tu, na mpaka leo umezungukwa na njia ya mbio za farasi. Karibu na shimo la nne kulikuwa na nyumba ya kulala wageni na kilabu cha mama mmoja, Bi Forman, na ukuta wa nyumba hiyo ulitobolewa kijidirisha. Wachezaji walipofika pale walipokea vinywaji vyao kupitia kijidirisha hicho, wakanywa wima, wakaendelea na safari. Huduma yote ambayo klabu nyingine huijengea baa, veranda na chumba cha kulia, ilitolewa na tundu ukutani. Tena mji huo huo ndio uliokuwa na wanawake wauza samaki waliocheza gofu siku zao za mapumziko. Kumbukumbu za klabu ya Musselburgh zinaonyesha kwamba waliandaliwa mashindano ya Mwaka Mpya wa 1811, na zawadi ya mshindi ilikuwa tenga jipya la samaki na shali. Tenga la samaki! Aliyechagua zawadi hiyo alijua mshindi ataamkia wapi kesho yake.

Hata mashindano makubwa kuliko yote yalizaliwa bila jumba. Klabu ya Prestwick iliundwa mwaka 1851 kwenye nyumba ya wageni ya Red Lion, na mashindano ya kwanza ya Open, mwezi Oktoba 1860, yalikuwa na wachezaji wanane waliozunguka mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Aliyetengeneza uwanja ule na kuutunza ni Tom Morris, mzaliwa wa St Andrews, ambaye watu humwita Mzee Tom ili kumtofautisha na mwanawe. Morris ndiye atakayetupeleka visiwani.

Mwaka 1891 alifunga safari mpaka kisiwa cha South Uist, kwenye safu ya visiwa vya Hebrides ya Nje, kwa mwaliko wa Lady Gordon Cathcart, mmiliki wa ardhi yote ile. Alikuta machair, tambarare ya nyasi iliyomea juu ya mchanga wa makombe, yenye vilima na mabonde yaliyochongwa na upepo, akapanga uwanja mahali paitwapo Askernish. Miaka ikapita, mashimo mengi yakaachwa, likabaki eneo dogo la kuchezea na masimulizi ya wazee. Mwaka 2005 mtaalamu wa viwanja, Gordon Irvine, aliyekuwa amekwenda kisiwani kuvua samaki, alioneshwa vile vilima akaamini masimulizi ni ya kweli. Uwanja ukafufuliwa bila kusomba udongo wala kuchonga vilima, na ukafunguliwa tena Agosti 2008.

Hapo ndipo habari ya ardhi inapoingia, na msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa bila kufafanuliwa sana. South Uist ni kisiwa cha wakulima wadogo wenye vishamba vyao na haki ya kulisha mifugo kwenye machair kwa pamoja. Mwaka 1851, Kanali Gordon wa Cluny, aliyekimiliki kisiwa kabla ya Lady Cathcart, aliwang'oa wapangaji wake na kuwapakia merikebuni kwenda Kanada, zaidi ya watu elfu moja, na wengi wao walifika huko bila chochote. Kisiwa chenye kumbukumbu ya namna hiyo hakisikii maneno "ardhi kwa ajili ya mchezo" kwa moyo mwepesi. Kwa hiyo uwanja wa Askernish ulipofufuliwa, baadhi ya wakulima walipinga, wakihofia malisho yao, na shauri likafika kwa wanasheria. Walikuwa na haki ya kuhofu. Wakati huo ardhi yenyewe ilikuwa imeshabadilika mikono: mwaka 2006 wanakisiwa waliununua umiliki, takriban ekari 93,000, kupitia kampuni ya jamii iitwayo Stòras Uibhist. Gofu sasa ilibidi iombe nafasi kwa watu ambao zamani walifukuzwa.

Makubaliano yanaonekana kwa macho. Majira ya baridi mifugo hurudi machair kama ilivyokuwa siku zote. Dawa za kuua magugu na wadudu hazimwagwi ovyo, maana ardhi ile ina maua na ndege ambao ni nadra kwingineko. Na nyumba ya klabu ni ndogo, ya kawaida, isiyojikweza mbele ya nyumba za majirani. Sidhani udogo huo ni suala la ufukara peke yake. Hebu fikiria kama mahali pale pangepandishwa hoteli ya ghorofa tatu yenye geti. Mkulima anayepita na mbwa wake akiwafuata kondoo angejikuta mvamizi kwenye malisho ya babu yake. Chumba kimoja chenye kitasa kisichofungwa kinamruhusu apite, hata aingie kupata chai.

Mapatano na wafugaji hayako Askernish peke yake. Brora, kwenye pwani ya mashariki ya Sutherland, uwanja uliotengenezwa upya na mbunifu wa viwanja James Braid miaka ya 1920, kwa miaka mingi ulizungushia kila grini, yaani zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, waya wenye umeme hafifu ili ng'ombe na kondoo wasizikanyage. Wachezaji waliuruka waya na kuendelea. Klabu iliweka hadi kanuni ya kumwezesha mchezaji kuusogeza mpira ulioangukia kinyesi. Mtu wa mjini hucheka akisikia hayo. Mimi naona humo heshima: wachungaji walikuwa na haki ya malisho, wachezaji wakajua kwamba wao ndio wageni, wakajifunza kuishi na waya.

Sasa twende Scarista, kisiwa cha Harris, kwa sababu huko ndiko utaratibu wa malipo unaostaajabisha wageni kuliko kingine chochote. Uwanja una mashimo tisa, juu ya ufuko wa mchanga mweupe ambao ungeonyeshwa picha yake bila maelezo ungesema ni Jambiani ya Zanzibar, mpaka utie mguu majini. Hakuna karani wa kukupokea. Kuna sanduku. Katika klabu za aina hii sanduku huwa limepigiliwa ukutani, la chuma au la mbao, lenye tundu jembamba juu. Kando yake kuna bahasha au kadi za matokeo na kalamu. Unaandika jina na tarehe, unatia noti zako, unadumbukiza, na pengine unakata kipande cha karatasi na kukifunga kwenye mkoba wako ili anayekutana nawe ajue umelipa. Basi. Nick Faldo, Mwingereza aliyewahi kushika nafasi ya kwanza duniani katika mchezo huu, alipita Scarista akalipa pauni zake tano kama kila mtu, na akaitia saini noti yake. Klabu haikuipeleka benki. Waliifanya zawadi ya kushindaniwa, na mashindano yakachukua jina lake.

Ukiwauliza wenyeji kwa nini wanaamini sanduku, jibu la kwanza huwa ni hesabu. Mwezi Juni visiwani mwanga hudumu mpaka karibu saa tano usiku, na watu hucheza saa zote hizo. Kumwajiri mtu akae dirishani tangu alfajiri mpaka usiku ili apokee ada za watu wachache kungekula ada zote na zaidi. Sanduku halilipwi mshahara. Jibu la pili ni gumu kulitia kwenye daftari: kisiwa kina watu wachache, kila gari linajulikana ni la nani, na aliyelala nyumba ya wageni ya fulani ndiye yule aliyeonekana uwanjani jioni. Uaminifu pale unasaidiwa na kujuana. Siku hizi baadhi ya klabu zimeongeza kifaa cha kulipia kwa kadi ya benki au simu, lakini mtu bado hulipa bila kusimamiwa.

Najua wengi watasema sanduku la namna hiyo lisingemaliza wiki kwetu. Sikubaliani nao. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, vile vya VICOBA na ndugu zake, vimekuwa vikitunza fedha za wanachama kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, kwa miaka mingi, na fedha zinazopita humo ni nyingi kuliko ada za gofu za Harris. Kujuana ndiko kunakolinda masanduku hayo yote, ya kwetu na ya kwao.

Sanduku lakini haliwezi kukata nyasi. Nyuma ya kila chumba kimoja kuna jeshi dogo la watu wasiolipwa, na hili ndilo eneo la desturi hii ninalolipenda zaidi. Klabu ndogo ikiwa na bahati huwa na mtunza uwanja mmoja wa kuajiriwa, mara nyingi wa msimu tu. Kazi iliyobaki ni msaragambo. Masika yakianza hutangazwa siku ya kazi: huyu anapaka rangi madirisha yaliyoliwa na chumvi, yule anakarabati paa lililong'olewa na dhoruba ya Januari, watoto wanaokota mawe. Katibu wa klabu anaweza kuwa mwalimu, mweka hazina anaweza kuwa mwenye duka. Mashine ya kukata nyasi imenunuliwa ikiwa imeshatumika, kutoka klabu tajiri ya bara, na fundi wake ni mvuvi anayezijua injini. Chakula kinachouzwa siku ya mashindano hupikwa majumbani: supu ya dengu kwenye sufuria kubwa, skonzi, keki za aina aina zilizopangwa mezani, na sanduku jingine la kutia fedha kando yake.

Durness, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya bara la Scotland, uwanja ulianzishwa hivyo hivyo na watu wa kijiji na kufunguliwa mwaka 1988. Una mashimo tisa, na shimo la mwisho linakutaka uvushe mpira juu ya mkono wa bahari. Uwanja wa Shiskine, kisiwani Arran, una mashimo 12. Ulikuwa na 18, sita yakapotea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na hayakurudishwa, na hakuna aliyeona aibu. Watu husafiri kutoka Marekani kucheza mashimo 12 hayo na kunywa chai baadaye. Hawa ni watu waliokubali ukubwa wa mchezo wao ulingane na ukubwa wa jamii yao.

Ndani ya chumba utakuta kitu kimoja ambacho hakikosekani: ubao wa majina. Manahodha tangu klabu ianze, washindi wa kikombe hiki na kile, wameandikwa kwa rangi ya dhahabu, mwaka kwa mwaka. Katika klabu ya kijiji majina ya ukoo ni yale yale yanajirudia, babu, mwana, mjukuu, na pengine huonekana pengo la miaka ya vita. Ubao huo ndio fenicha ya thamani kuliko zote. Paa likivuja, ubao ndio unaohamishwa kwanza.

Jumapili nayo ina mila yake, na haifanani kila mahali. Harris ni kisiwa cha Waprotestanti wanaoiheshimu sana siku ya Bwana, na gofu ya Jumapili haikuwa na nafasi Scarista. Ukivuka kwenda South Uist, ambako watu wengi ni Wakatoliki, unacheza baada ya misa bila mtu kukukodolea macho. Na St Andrews, mji unaoitwa nyumbani kwa gofu, Old Course hufungwa Jumapili isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Siku hiyo wenyeji hutembeza mbwa kwenye nyasi ambazo siku nyingine mtu hulipa zaidi ya pauni 300 kuzichezea. Uwanja ule ni mali ya umma. Jumba mashuhuri la mawe linaloonekana kwenye televisheni, lililojengwa mwaka 1854, ni la klabu binafsi ya Royal and Ancient, na klabu hiyo haiumiliki uwanja. Mafundi wa mjini walijiundia klabu yao mwaka 1843, wakajiita Mechanics, na wakacheza kwenye nyasi zile zile. Hatua chache kutoka jumba kuna vilima vya kuchezea mpira mfupi vinavyoitwa Himalayas, vya klabu ya wanawake iliyoanza mwaka 1867, ambako mtoto na bibi yake hukodi vijiti kwenye kibanda kwa pauni chache na kucheza mpaka wachoke. Klabu ya Royal and Ancient ilipiga kura ya kuwaingiza wanawake Septemba 2014.

Tofauti hiyo ya miaka inanisumbua, na sidhani ni bahati mbaya. Nyumba kubwa ina vyumba vya kutosha kuwatenga watu. Inaweza kuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma, ukumbi wa wanaume, chumba cha wanawake, na jikoni ambako makedi, yaani wabeba mikoba ya wachezaji, hawavuki. Walter Hagen, Mmarekani, bingwa wa kulipwa, alipokwenda Deal, Uingereza, kucheza Open ya mwaka 1920 aliambiwa wachezaji wa kulipwa hawaruhusiwi kwenye nyumba ya klabu. Akakodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya mlango, akawa anabadilishia nguo humo. Mwaka 1923 Troon, alipomaliza wa pili na kukaribishwa ndani kwa ajili ya kutoa zawadi tu, alikataa kuingia, akawaalika watu waende naye kwenye kilabu cha jirani. Wanaume waliokuwa wakijua gofu kuliko kila mtu aliyekuwa ndani walikaa nje kwa sababu nyumba ilikuwa na mlango wa kufungiwa. Chumba kimoja chenye birika moja hakiwezi kumfanyia mtu hivyo. Mvua ikinyesha kutoka Atlantiki, na hunyesha ubavu ubavu, daktari, mwanafunzi na mkata nyasi husongamana humo wote, wakikausha soksi kwenye hita ile ile.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Serikali ya Scotland iliruhusu gofu irudi tarehe 29 Mei, nyumba za klabu zikibaki zimefungwa kwa sababu ya korona. Watu walivaa viatu vyao garini, wakacheza, wakaondoka. Klabu zilizoishi kwa baa, chakula na kukodisha kumbi za harusi zilipata pigo, maana joto la jumba, bima na mikopo havikusimama. Klabu ndogo za visiwani pia ziliumia, kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuvuka kwa muda. Lakini wenyeji wao walirudi uwanjani asubuhi ile ile na maisha yakaendelea karibu kama zamani. Gharama ya chumba kimoja kilichofungwa ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Gofu ilipovuka bahari kuja kwetu, ilikuja na jumba. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianza mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa bado mabanda ya reli, na Muthaiga ikafungua milango yake mwaka 1913. Waliozijenga walikuwa maofisa na walowezi waliotaka mahali pa kuwa wenyewe kwa wenyewe, na nyumba ya klabu ndiyo iliyokuwa ukuta wao: veranda, wahudumu wenye kanzu nyeupe, na Mwafrika akiwa kedi au mpishi. Katika sehemu nyingi za Afrika zenye ukame viwanja vilikuwa vya hali ya chini kabisa, grini za mchanga uliochanganywa na mafuta badala ya nyasi. Nyumba ndiyo iliyogharimiwa. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi mlangoni, lakini ada ya kujiunga ikabaki kufanya kazi hiyo kwa namna nyingine. Ndiyo maana kijana wa Kitanzania au Mkenya akisikia gofu anaona geti. Kwa vyovyote hawezi kudhani kwamba mchezo huo kule Scotland ulikuwa wa wauza samaki.

Na bado ujuzi upo hapa. Mabingwa wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kama makedi. Walijifunza kwa kubeba mikoba ya watu na kuazima kijiti saa uwanja ukiwa mtupu, au kwa kujichimbia mashimo kwenye viwanja vya mitaani. Uwanja wa Mombasa, ulio juu ya majabali kandokando ya bahari, una mashimo tisa na upepo usioisha. Mtu wa Durness angejisikia nyumbani pale. Lugalo, Dar es Salaam, uwanja wa jeshi, umewalea vijana wengi kutoka mitaa ya jirani. Kinachokosekana ni viwanja vya kijiji na vya manispaa ambavyo kedi anaweza kuwa mwanachama bila kuuza shamba la familia.

Kila mpango wa uwanja mpya ninaousoma katika nchi zetu unaanza na mchoro wa jumba, halafu nyumba za kuuza zinazolizunguka, na gofu inakuwa mapambo ya kiwanja ghali. Ningependa kuona halmashauri moja ikianza upande mwingine: malisho yasiyofaa kulima, makubaliano na wafugaji ya lini ng'ombe wanaingia na lini wanatoka, mashimo sita au tisa yaliyopangwa na makedi wenyewe, mashine kuukuu ya kukata nyasi, na chumba cha matofali ya kuchoma chenye maji na choo. Mamlaka mbili zinazotunga Kanuni za Gofu, ile ya St Andrews na ile ya Marekani, hazimkatazi mtu. Kanuni zinaeleza raundi kuwa ni mashimo 18 au pungufu, na hazidai nyumba.